Kabaka Aliyesikiliza Kila Dini

Juma moja baada ya mazishi ya mzee mwenye ploti yetu hapa Kondele, mwanawe wa kwanza alikuja na karatasi akaibandika kwenye mlango wa bafu, mahali ambapo kila mpangaji hana budi kupita. Karatasi ilikuwa na maagizo manne. Mawili yalihusu maji na taka, na hayo hayana neno. La tatu lilikataza ngoma uani. La nne lilikataza kuchinja uani bila idhini yake.

Ili msomaji auelewe uzito wa maagizo hayo, yafaa nimweleze tunavyoishi. Sisi ni nyumba kumi na mbili, uzio mmoja na mfereji mmoja. Mlango wa kwanza yupo mama wa kanisa la Roho, ambaye jioni za Jumamosi wenzake humjia na kanzu zao nyeupe, bendera na ngoma. Mlango wa tano ni fundi wa cherehani, Mwislamu kutoka Mumias, na kuku wa ploti nzima huchinjwa na yeye, hata kuku wetu sisi Wakristo, ili naye akialikwa aweze kula. Nyumba ya kona ni ya Waadiventista, ambao chakula cha Jumamosi hukipika Ijumaa kabla jua halijatua. Mzee mwenyewe alikuwa Mkatoliki wa rozari mfukoni. Miaka yote niliyokaa hapa hakumkataza mtu yeyote jambo lake. Ngoma ilipigwa hadi saa nne ya usiku ikanyamaza, na siku ya Idi sahani ya kwanza ya pilau ilipelekwa kwake.

Binti yangu, mwanafunzi wa shule ya upili, aliisoma ile karatasi akaniuliza: "Baba, mbona mzee alikuwa mtu mzuri na mwanawe ni mtu mbaya?"

Nilihisi kwamba swali lenyewe lina kasoro, ila sikuweza kumwonyesha papo hapo. Tangu siku hiyo nimelifikiria, na jibu nimelipata ng'ambo ya ziwa letu hili, katika boma la Kabaka Mutesa wa Kwanza wa Buganda. Kipande kingine cha jibu nimelazimika kukifuata mbali zaidi, huko Bara Hindi, kwao mafundi walioileta reli hapa Kisumu mnamo Disemba 1901, Makalasinga, Wahindu na Waislamu pamoja.

Mutesa alitawazwa mwaka wa 1856. Baba yake, Suna wa Pili, ndiye aliyewapokea wafanyabiashara wa kwanza kutoka pwani mnamo 1844, na mmoja wao, Ahmed bin Ibrahim, yasemekana alithubutu kumwambia Kabaka uso kwa uso kwamba wale anaowachinja kila siku wameumbwa na Mungu yule yule aliyemuumba yeye. Suna alisikiliza akanyamaza. Mutesa yeye alisikiliza akaenda mbele. Kuanzia 1867 alianza kufunga Ramadhani, akaendelea hivyo karibu miaka kumi. Alijifunza kusoma Kiarabu, akajengesha msikiti, akawaamrisha watu wake wasali na waamkiane kwa salamu za Kiislamu. Waliokaidi waliadhibiwa. Hata hivyo yeye mwenyewe hakutahiriwa, kwa sababu mila ya Buganda hairuhusu damu ya Kabaka kumwagika.

Kisha mwezi wa Aprili 1875 akafika Henry Stanley. Mutesa akamuuliza habari za dini ya Wazungu, na alipoondoka akabakiwa na kijana mmoja aliyesomeshwa na wamisionari Unguja, Dallington Maftaa, awe msomaji wake wa Biblia na mwandishi wake wa barua. Barua ya Stanley ya kuwaita wamisionari ilichapishwa London Novemba mwaka huo huo. Wa Kianglikana, watu wa CMS, walifika Juni 1877, na fundi wao mashuhuri Alexander Mackay akafika 1878. Februari 1879 wakaja Wakatoliki wa Kifaransa, Mapadri Weupe, pamoja na Padri Siméon Lourdel.

Hapo ndipo penye utamu kwetu sisi wasomaji wa lugha hii. Ukumbini pa Kabaka walikaa mashehe kutoka pwani, Mskoti, Mfaransa na wakuu wa Buganda, na lugha iliyowawezesha kubishana ilikuwa Kiswahili. Mackay alisoma Injili zilizofasiriwa Kiswahili na Askofu Edward Steere kule Unguja. Mashehe walimjibu. Lourdel naye, Jumapili moja ya mwaka wa 1879, alikataa kupiga magoti pamoja na Mackay mbele ya Kabaka, akasema waziwazi kwamba mafundisho ya huyo mwenzake ni ya uongo. Mutesa alishangaa. Aliuliza kama kila kabila la Wazungu lina dini yake, na kama ni hivyo, yeye mtu mweusi atajuaje iliyo ya kweli. Mimi naona hilo lilikuwa swali la mtu mwenye akili timamu, na hakuna aliyelijibu siku hiyo. Mwisho wa 1879, akiwa mgonjwa, alimwita mwaguzi wa Mukasa, mungu wa ziwa hili hili tunalovua ngege na mbuta, na pamoja na wakuu wake akatangaza kwamba dini zote za wageni aziweke kando. Baadaye akaanza kuzisikiliza tena.

Wako wanaomsifu Mutesa kwa uvumilivu, na wako wanaomdharau kwamba alikuwa kinyonga. Mimi nawaambia wote wawili watazame kaskazini ya Buganda miaka ile. Khedive Ismail wa Misri alikuwa akijitanua kwa kuufuata mto Nile, na tangu 1874 afisa wake Charles Gordon alikuwa akijenga vituo akielekea kwa Mutesa. Kabaka alihitaji bunduki na marafiki. Mtu wa Unguja alikuwa na bunduki. Mwingereza alikuwa nazo. Mfaransa huenda angeleta zaidi. Kumfukuza mmoja wao ni kujitia mikononi mwa waliobaki. Basi aliwakalisha wote karibu naye, wakipingana wao kwa wao, na yeye juu yao.

Uvumilivu wa namna hiyo una ukuta wake, na vijana wa boma waligonga kichwa hapo mwaka wa 1876. Waganda Waislamu, waliofundishwa na walimu waliotoka upande wa Misri na Sudan, walianza kusema kwamba mtu asiyetahiriwa hafai kuwaongoza katika sala, hata kama ni Kabaka. Wakasema msikiti wake haukuelekezwa sawa kibla. Wakakataa nyama iliyochinjwa na wachinjaji wa Kabaka. Ona mambo yalivyo madogo: nyama, ukuta wa msikiti, nani asimame mbele. Lakini katika kila dogo hilo kulikuwa na neno moja kubwa, kwamba yuko wa kutiiwa kuliko Kabaka. Makumi ya vijana hao walipelekwa Namugongo wakauawa kwa moto. Dini ile ile aliyowaamrisha waifuate miaka tisa nyuma ndiyo iliyowaua, walipoifuata kupita pale alipotaka yeye.

Sasa nimpeleke msomaji Bara Hindi, kwa sababu huko yupo mfalme aliyefanana na Mutesa kwa namna ya ajabu. Akbar alirithi kiti mwaka wa 1556, miaka mia tatu kamili kabla ya Mutesa, naye alikuwa kijana wa miaka kumi na mitatu. Alikuwa Mwislamu akitawala raia ambao wengi wao ni Wahindu. Mwaka wa 1575 alijenga huko Fatehpur Sikri nyumba aliyoiita Ibadat Khana, nyumba ya ibada, na usiku wa Ijumaa akawaketisha humo wanazuoni wa Kiislamu wabishane. Baadaye akawaalika Wahindu, Wajaini, Waparsi, na mwaka wa 1580 mapadri Wajesuiti kutoka Goa. Nao walifanya kama Mackay na Lourdel: walidhani mfalme anayesikiliza kwa makini hivyo yu karibu kubatizwa. Hakubatizwa. Kama Mutesa, wake zake walikuwa wengi mno kwa mapadri.

Wala Akbar hakuwa malaika. Mwaka wa 1568, alipoiteka ngome ya Chittor, aliruhusu maelfu ya watu wachinjwe, na akautangaza ushindi huo kuwa ni wa dini. Nalisema hili kwa sababu vitabu vingine humchora kama mtakatifu.

Ila alifanya jambo moja ambalo Mutesa hakulifanya. Alipeleka mkono wake kwenye kodi. Mwaka wa 1563 alifuta ushuru uliotozwa mahujaji wa Kihindu, na 1564 akafuta jizya, kodi ya kichwa waliyotozwa wasio Waislamu. Kazi ya kupanga kodi ya ardhi aliikabidhi kwa Mhindu, Todar Mal, na majeshi yake makubwa yaliongozwa na Mhindu mwingine, Man Singh wa Amber. Angalia tofauti. Mkulima wa kijijini ambaye hajawahi kuiona Ibadat Khana, wala hajui kama mfalme leo yuko na mashehe au mapadri, alijua kwamba mwaka huu hakuna anayekuja kumdai fedha kwa sababu ya mungu wake. Mazungumzo ya ukumbini yaliisha. Jambo la kodi likakaa.

Lilikaa muda gani? Akbar alikufa 1605. Mwanawe Jahangir alikuwa mtu wa hasira, na mwaka uliofuata Guru Arjan, kiongozi wa Makalasinga, aliuawa kwa amri yake. Lakini jizya haikurudi. Mjukuu, Shah Jahan, hakuirudisha. Ni kitukuu, Aurangzeb, aliyeirudisha mwaka wa 1679, miaka mia moja na kumi na tano tangu ifutwe. Huyu naye si wa kuchorwa kwa makaa tupu. Aliamuru mahekalu yabomolewe, likiwemo lile maarufu la Banaras mwaka wa 1669, na Guru Tegh Bahadur alikatwa kichwa Delhi mwaka wa 1675. Huku akiyapa ardhi mahekalu mengine, na miaka yake ya mwisho karibu theluthi ya maafisa wake wakubwa walikuwa Wahindu, hesabu iliyopita ile ya Akbar. Mambo aliyoyapanga babu yake yalikuwa yamezama mno serikalini kung'olewa na mtu mmoja, hata angetaka.

Turudi ziwani. Mutesa alikufa Oktoba 1884. Mwanawe Mwanga alikuwa kijana wa umri wa kama miaka kumi na minane, na baba yake alimwachia ukumbi uliojaa watu wa dini tatu wenye bunduki na kinyongo, bila hata kanuni moja ya namna ya kuishi nao. Mutesa aliijua mizani hiyo kichwani mwake tu, na kichwa hicho sasa kilikuwa kaburini Kasubi. Januari 1885 vijana watatu wa Kianglikana waliuawa. Oktoba mwaka huo Askofu James Hannington, aliyepitia upande wetu huu na kuuacha msafara wake kwa Wawanga, pale tunapopaita Mumias leo, aliuawa Busoga. Tarehe 3 Juni 1886 Charles Lwanga na wenzake, Wakatoliki na Waanglikana kwa pamoja, walichomwa Namugongo, pale pale walipochomwa Waislamu miaka kumi nyuma. Kila mwaka mahujaji kutoka huku kwetu hufunga safari kwenda huko, wengine kwa miguu. Wangapi kati yao huwakumbuka wale wa 1876, sijui.

Yaliyofuata nitayapita haraka maana yanachosha kwa usaliti wake. Mwaka wa 1888 Mwanga alipanga kuwapeleka waumini wa dini zote kwenye kisiwa ziwani akawaache huko wafe njaa. Wakaungana, wakampindua Septemba. Wiki chache baadaye Waislamu waliwafukuza Wakristo. Wakristo wakarudi na Mwanga yule yule. Kisha Wakristo wakageukiana, na tarehe 24 Januari 1892, juu ya kilima cha Mengo, Wakatoliki walioitwa Wafaransa na Waprotestanti walioitwa Waingereza walipigana kwa bunduki, huku Kapteni Lugard akisaidia upande wa Waprotestanti kwa mzinga wake wa Maxim. Wote walikuwa Waganda.

Baada ya Mengo mambo yaliandikwa, na hapa nataka binti yangu atulie. Kuandika peke yake hakutoshi. Walichoandika ni mgawanyo wa vyeo: saza hizi za Waprotestanti, hizi za Wakatoliki, Butambala ya Waislamu. Katikiro Apolo Kagwa ni Mprotestanti, Stanislaus Mugwanya mkuu wa Wakatoliki. Amani ilipatikana, lakini kijana aliyetaka cheo ilibidi kwanza aulizwe anasali wapi. Akbar aliitoa dini ya mtu kwenye daftari la kodi. Buganda iliiingiza kwenye kiti.

Nasi tuliokaa upande huu wa maji hatukusalimika. Hadi Aprili 1902 Kisumu ilikuwa sehemu ya Uganda, na dini zetu zilivukia huko. Wamisionari wa Mill Hill waliletwa Buganda mwaka wa 1895 makusudi ili watu waone kwamba kuna Mkatoliki aliye Mwingereza, na kutoka huko wakaja Kisumu 1903. CMS wakafungua Maseno 1906, chini ya askofu wa Uganda. Kwa hiyo Mluo aliyekuwa hajawahi kusikia jina la Mengo alijikuta akifundishwa kumkwepa ndugu yake kwa sababu ya Mengo. Mmoja aliyechoka na kuchaguliwa ni Johana Owalo wa Asembo, aliyepitia Ukatoliki, akapitia Uislamu, kisha mwaka wa 1914 akaanzisha kanisa la Nomiya, linalomwabudu Mungu kwa namna yake na kutahiri watoto wa kiume. Mutesa angemsikiliza mtu kama huyo kwa furaha, hadi siku atakapokataa nyama yake.

Mtu wa pwani ataniambia nimewasahau masultani wa Unguja. Sijawasahau. Hao walikuwa Waibadhi, na raia wao wengi Wasuni, na tangu enzi za Seyyid Said palikuwa na kadhi wa hawa na kadhi wa wale, na forodha akaikodisha kwa Mhindu, Jairam Shivji. Seyyid Barghash, mwanawe, alimtia gerezani mwanachuoni wa Mombasa, Sheikh Ali bin Abdallah Mazrui, kwa sababu Waibadhi walianza kuuvutiwa Usuni kwa mafundisho yake. Akatoka tu Barghash alipokufa mwaka wa 1888. Hasira ya sultani ilikwenda naye kaburini. Makadhi walibaki, wakapita mikononi mwa Waingereza mwaka wa 1895, wakaingia katika makubaliano ya uhuru ya 1963, na leo wamo katika kifungu cha 170 cha Katiba yetu ya 2010, ile ile ambayo kifungu chake cha 8 kinakataa kabisa kuwepo dini ya taifa.

Nilipomaliza kumsimulia binti yangu, alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Kwa hiyo huyu kijana si mtu mbaya?"

Si mbaya. Ameokoka, anawatunza mama yake na wadogo zake, na kodi hajaongeza hata shilingi. Ngoma kwake ni kelele za mashetani, basi, naye anaamini hivyo kwa moyo safi. Baba yake hakuwahi kutuahidi kitu; alituachia tu. Tuliishi miaka mingi kwa tabia ya mtu mmoja, tukadhani ni sheria ya ploti.

Jumapili iliyopita wapangaji tulikutana chini ya mwembe. Fundi wa cherehani alipendekeza tuandike barua, na mwalimu Mwadiventista akaiandika kwa mwandiko wake mzuri. Kwanza ilianza kutaja Roho, Waislamu na Wasabato, kila mmoja na haki yake. Binti yangu ndiye aliyesema majina hayo yatolewe. Sasa ina sentensi mbili: kwamba mpangaji yeyote aweza kukusanya watu na kuimba kwa chombo chochote hadi saa nne ya usiku, na kwamba mpangaji yeyote aweza kuchinja kando ya mfereji mradi apasafishe. Tumeomba aitie sahihi na ibandikwe ndani ya jalada la kitabu cha kodi cha kila nyumba.

Kijana aliipokea kwa heshima, akasema ataisoma. Hadi ninapoandika haya hajairudisha. Jana jioni mama wa Roho aliwaambia wenzake waje bila ngoma, wakaimba kwa makofi, na ilipotimu saa nne walinyamaza.